Msikiti wa Djenné Umesimama kwa Kukandikwa

Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, husifiwa kuwa wa karne ya 13, zama za mfalme Koi Konboro aliyesilimu. Lakini jengo lililopo leo lilikamilika mwaka 1907 chini ya mwashi mkuu Ismaila Traoré. Lile la kale lilikuwa gofu tayari Mfaransa René Caillié alipofika mwaka 1828, na baadaye Seku Amadu, aliyeuteka mji, akajenga msikiti mwingine na kuliacha liendelee kuanguka. Jengo la udongo halihitaji adui mwenye nyundo. Likikosa wa kulikandika, mvua inatosha. Kwa hiyo kinachostahili kulindwa Djenné, kabla ya ukuta wenyewe, ni ule utaratibu wa kila mwaka ambapo vijana hubeba tope lililochanganywa na pumba za mpunga, na waashi wa chama chao, barey ton, hupanda juu ya miti ya mvumo iliyotokeza ukutani na kulipaka kwa viganja. (Watalii huidhania miti hiyo pambo tu. Ni pambo, na ni ngazi pia.)

Wapo wanaosema mazoea hayo yenyewe yanaliumiza jengo, kwani tabaka juu ya tabaka huongeza uzito. Hilo ni kweli. Mafundi wa mfuko wa Aga Khan walilazimika kupunguza udongo uliorundikana kwa miaka mingi, na Novemba 2009 sehemu ya mnara wa kusini iliporomoka baada ya mvua kubwa. Ila mwaka 2006, wakaguzi wa mfuko huo walipopanda juu ya paa, ghasia zilizuka mjini. Utaalamu usiopitia kwa wenyeji haufiki mbali. Ukarabati ulisonga pale waashi wa Djenné walipokuwa ndani ya kazi. Wengine hupendekeza saruji, imalize usumbufu. Saruji huziba ukuta, maji yaliyopenya hukosa pa kutokea, na udongo huoza kwa ndani huku nje pakionekana pazima.

Na kama ni hofu ya kupoteza uasili, waashi wa Timbuktu walikwisha kujibu: makaburi ya mawalii yaliyovunjwa mwaka 2012 waliyasimamisha tena kufikia 2015, nayo yanaheshimiwa kama zamani. Djenné iliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Fedha zikipatikana, zianzie kwa wanagenzi wa barey ton.