Mwali, Kuruta na Msichana wa Semina

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Mbagala, jijini Dar es Salaam, kuripoti kufungwa kwa mafunzo ya siku tano ya uongozi na stadi za maisha kwa wasichana. Unazijua shughuli hizi. Kuna bango nyuma ya meza kuu, kuna fulana za rangi moja, kuna mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili, na kuna soda. Wasichana wapatao arobaini, wengi wao wa kidato cha pili na cha tatu, walikuwa wamekaa wima kama walivyoelekezwa. Ilipofika nafasi ya maswali, mmoja wao alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema: "Mmetufundisha kusema hapana. Sasa huko nyumbani, baba na mjomba wamefundishwa na nani kusikia?"

Ukumbi ulicheka kidogo, halafu ukanyamaza. Mshereheshaji akasema muda umetutupa mkono. Tukapiga picha.

Hapa sina budi nikiri jambo. Usiku ule, nilipokuwa nahariri taarifa yangu, nililikata swali lile. Taarifa ilikuwa ya dakika mbili, mgeni rasmi alikuwa na maneno mengi, na mimi, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kazi hii, nimezoea kumbakiza mgeni rasmi. Swali la yule binti likabaki kwenye kinasa sauti.

Siku mbili baadaye mzee mmoja wa Temeke alipiga simu studio. Habari ya swali lile hakuwa nayo, maana hakulisikia. Yeye alikuwa na lake. "Binti yangu," aliniambia, "haya mambo ya kufundisha wasichana si mageni. Sisi tulikuwa na unyago. Mmeuacha, sasa mnakodi kumbi." Nilitaka kumjibu papo hapo, nikashindwa, kwa sababu mzee yule ana sehemu ya ukweli. Ndiyo maana leo nakuomba turudi nyuma pamoja, mimi na wewe.

Tuanze na huo unyago. Huku pwani na kule kusini, kwa Wazaramo, Wamakonde, Wamwera, Wayao na wengineo, msichana aliyevunja ungo hakuachwa aijue dunia kwa kubahatisha. Alikabidhiwa kwa somo na kwa makungwi. Kulikuwa na ngoma, nyimbo za mafumbo na maigizo, na kila kimoja kilibeba fundisho lake: usafi wa mwili, adabu kwa wakwe, namna ya kuishi na mume, namna ya kutunza siri ya nyumba. Unguja nako mambo yalikuwa hayo hayo. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini watu wa kwao walimjua pia kwa ngoma ya unyago na kwa mabinti aliowafunda. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo katika miaka ya 1960, ameandika juu ya mwali kuwekwa ndani kwa muda mrefu, na juu ya mwana hiti, kile kisanamu cha mti ambacho mwali alikitunza kana kwamba ni mtoto wake.

Ukiutazama unyago kama shule, ilikuwa shule yenye sifa ambazo semina zetu hazina. Walimu wake walifahamika mtaani. Hawakuwa na haraka. Na somo hakufunga mkoba wake siku ya tano akaondoka na gari. Alibaki kuwa somo wako maisha yote, na nyumba ikiwaka moto ulimkimbilia yeye. Hilo mzee wa Temeke kalisema sawasawa. Alichosahau kunitajia ni kwamba shule hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni ndoa. Mwali alitolewa nje akiwa tayari kuolewa, mara nyingi akiwa bado mtoto, na nani atamwoa halikuwa jambo la kumuuliza yeye.

Wazungu nao walikuja na unyago wao. Mwaka 1909 Baden-Powell aliitisha mkutano wa skauti wa kiume pale Crystal Palace, London, na wasichana wakajitokeza bila kualikwa, wakidai nao ni skauti. Mwaka uliofuata wakaanzishiwa chama chao, Girl Guides, chini ya dada yake, Agnes. (Baden-Powell mwenyewe amezikwa hapa jirani, Nyeri nchini Kenya, alikofia tarehe 8 Januari 1941.) Chama hicho kilifika Kenya mwaka 1920 na Tanganyika mwaka 1928, kikilelewa na walimu wa misheni na wake wa maofisa wa serikali. Baadaye, mwaka 1951, mke wa Gavana Twining akaanzisha Baraza la Wanawake wa Tanganyika. Huko Waafrika walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Fikiri juu ya jambo hilo kidogo: mwanamke wa Kizaramo aliyekwisha kufundwa na makungwi anafundishwa na mke wa ofisa namna ya kuwa mke!

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa Girl Guide, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa shule ya msingi. Nilifunga mafundo, nilijifunza kumfunga bendeji mtu aliyevunjika mkono, na nilipewa doria ya wasichana sita niiongoze. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusema jambo na watu wakasimama kunisikiliza. Hadi leo, taa nyekundu ya studio inapowaka, huwa nawakumbuka wale sita. Msaidizi wangu wa doria alikuwa hodari kunishinda, nitarudi kwake.

Sasa nije kwa Bibi Titi Mohamed, maana bila yeye hadithi hii haina maana. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi, kisha akawekwa ndani kama mabinti wenzake, akaozwa angali mdogo. Kwa vipimo vya semina za leo, huyu alikuwa mlengwa: yule tunayemwandikia maombi ya fedha. Hakuna aliyempa cheti cha uongozi. Alichokuwa nacho ni sauti, na kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, ambamo yeye alikuwa mwimbaji kiongozi.

Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka: wanawake wenu wako wapi? Wakubwa wakatazamana. Wake zao wenyewe wasomi hawakuwa wakitoka mbele ya hadhara. Ndipo akatafutwa Bibi Titi. Naye hakuanza kwa kuitisha mkutano wala kuandika barua. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, mmoja baada ya mwingine. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyezungumza na Bibi Titi na wenzake na kuandika kitabu juu ya wanawake wa TANU kilichotoka mwaka 1997, anaonyesha kwamba kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Tangu hiyo Juni, msikilizaji wangu, ni miezi michache tu.

Iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu vikundi vile vilikuwa shule ya uongozi bila kujiita hivyo. Ndani yake mwanamke asiyejua kusoma alijifunza kukusanya michango na kuitolea hesabu, kupanga safari, kusuluhisha ugomvi, kuchagua viongozi na kuwaondoa. Alijifunza kusimama mbele ya watu na kutoa sauti. TANU haikuwafundisha wanawake wale uongozi. Iliwakuta nao tayari.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Yaliyompata baadaye ni marefu: kujiuzulu mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, kesi ya uhaini ya mwaka 1970, kifungo cha maisha, na kuachiwa mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000. Leo ana barabara katikati ya jiji, na wasichana wanapita juu yake kila siku wakiwa kwenye daladala. Nimewahi kuwauliza wanne kituoni kama wanamjua. Mmoja alidhani alikuwa mwimbaji. Nilikuwa karibu kumcheka, kisha nikakumbuka kwamba hakukosea.

Serikali changa nayo ilitaka kuwafunda vijana, wa kike na wa kiume. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na baadaye likawa la lazima kwa wasomi. Mama yangu mdogo alikwenda JKT kwa mujibu wa sheria katika miaka ya 1980. Anasimulia mchakamchaka wa alfajiri, jembe, bunduki, na afande asiyejali kama wewe ni binti wa nani. Anasema huko ndiko alikojua kwamba mwili wake una nguvu. Nyumbani alikuwa ameambiwa tu kwamba una haya. Mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013.

Lakini enzi hizo hizo za ujenzi wa taifa zilikuwa na uso mwingine. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mikorogo. Mabinti wakawindwa mitaani na vituoni mwa mabasi na vijana wenzao, kwa jina la utamaduni. Wale waliokuwa wakiandaliwa kuwa viongozi wa kesho waliona kazi ya kwanza ya uongozi ni kupima urefu wa nguo ya dada zao.

Neno "stadi za maisha" lilikuja baadaye, na lilikuja na kilio. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ilipodhihirika kwamba kumwambia msichana "jihadhari" hakutoshi kama hajui kukataa, kujadiliana wala kuomba msaada, ndipo mafunzo haya yakaenea. Mwaka 1995 ukafuata mkutano wa Beijing, Katibu Mkuu wake akiwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella, na azimio lake likampa mtoto wa kike sehemu yake peke yake. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikisikia neno "Beijing" redioni kila siku. Wanaume wa mtaani kwetu walilifanya tusi: mwanamke akijibu, basi huyo ni wa Beijing.

Sasa nirudi kwa yule msaidizi wangu wa doria. Mwaka 1997, akiwa kidato cha pili, alipata mimba, akafukuzwa shule. Aliyempa mimba hakufukuzwa popote. Rafiki yangu alijua kufunga kila fundo, alijua kuongoza, alikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Kilichomwangusha hakikuwa ukosefu wa stadi. Ilikuwa kanuni, na kanuni haikuwa mikononi mwake.

Ndiyo maana namheshimu Rebeca Gyumi. Huyu dada alifahamika kwanza kupitia vipindi vya Femina, lile shirika la jarida la vijana lililoanza mwaka 1999. Angeweza kuendelea kutuhubiria wasichana wajiamini. Badala yake aliichukua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi na hata wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, akaipeleka Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena. Bunge lilikuwa limepewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu vile. Mwaka ule ukapita, na vifungu vikabaki vilivyokuwa.

Na habari ya shule je? Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka huko Chalinze kwamba mwanafunzi aliyejifungua asirudi katika shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi. Siku ile nilimpigia simu rafiki yangu, ambaye ana genge la mboga Tandika. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Imechelewa miaka ishirini na minne, shoga," kisha akamhudumia mteja.

Nimemrudia mzee wa Temeke kwa simu nikamweleza haya yote, pamoja na Bibi Titi. Alisikiliza vizuri. Akasema marehemu mkewe alikuwa mmoja wa waliochukua kadi mwaka ule, na kwamba yeye, mume, alijua baadaye. Nikamuuliza alifanya nini alipojua. Akacheka, akasema redio isimuulize mtu mambo ya ndani.

Yule binti wa Mbagala nimemtafuta, nikamwomba radhi kwa kulikata swali lake, yeye na mama yake wakanikubalia nilitumie. Wiki hii fundi mitambo ameliweka mwanzo kabisa wa kipindi, kabla ya sauti yangu. Ni sekunde kumi na moja. Nyinyi mnaosoma gazetini hamtaisikia sauti yenyewe, na ndiyo sababu nimeyaandika maneno yake hapo juu kama alivyoyasema.