Mzushi na Mvumishaji

Katika Kanuni ya Dijitali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imo ibara ya 360, ambayo humwahidi kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, au faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au adhabu zote mbili, kila aanzishaye au apitishaye mitandaoni habari ya uongo juu ya mtu. Kiswahili, ambacho watu wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa nchi hiyo, wamekirithi kwa Waungwana, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani wa zama za Tippu Tip, huwatenga wawili hao: aanzishaye ni mzushi, kwani amezua lisilokuwapo, naye ajua hivyo; apitishaye ni mvumishaji tu, na uvumi, kwa asili yake ya kuvuma, ni sauti ya upepo au ngoma, isiyodhamini kweli wala uongo. Mkazi wa Kabambare, wilaya iliyozoea wanamgambo wa mai-mai, apelekapo mbele habari kwa kudhani anawanusuru jamaa zake, sioni insafu kumwita mzushi.

Tena uzushi wenyewe una mashaka, maana msikitini neno hilo ni bidaa, yaani jambo lililozuliwa katika dini, hata pasipo aliyesema uongo. Mfasiri wa ibara hii kwa Kiswahili, endapo angenitaka shauri, ningemwambia aache “uzushi”, aandike “habari ya uongo”. Ni maneno makavu, lakini hayamshitaki mtu kwa dhambi nyingine.