Imigongo: sanaa ya ukutani iliyonusurika

Imigongo ni sanaa ya kupamba kuta za ndani kwa michoro yenye miinuko, na asili yake ni Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Neno hilo ni wingi wa "umugongo". Msomaji wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, hahitaji mkalimani: katika Kirundi, kama katika Kinyarwanda, maana yake ni mgongo.

Simulizi zamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi, alipoipamba nyumba yake. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, kisha hufinyangwa kwa vidole kufuata mistari iliyochorwa. Ikikauka husuguliwa na kupakwa rangi. Nyeupe hutokana na kaolini, nyekundu na udongo mwekundu, na nyeusi na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri.

Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nusura yaizime sanaa hiyo. Baadaye wanawake, wakiwamo wajane, waliungana katika ushirika uitwao Kakira na kuifufua, mara hii juu ya mbao za kutundikwa.

Leo michoro hiyo huigwa kwa mashine kwenye vitambaa na karatasi za ukutani, na fundi asiyehusishwa hapati chochote. Anayetaka kuitambua kazi ya mkono na aipapase: karatasi ni bapa, imigongo ina miinuko.