Draiva Zako Zimezeeka? Nani Amekuambia?

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya skrini kwa inboksi. Programu fulani imekagua laptopu yake na "kupata" draiva 23 zilizopitwa na wakati, maandishi mekundu, kitufe kikubwa cha kurekebisha zote. Swali ni lile lile: nibonyeze ama niache? Mimi nasema acha. Lakini nikiishia hapo mtasema najifanya mjuaji, kwa hivyo wacha turudi nyuma kidogo, maana hizi programu hazikuanza kama ujanja wa kuuza hofu.

Draiva ndiyo inaiambia Windows jinsi ya kuongea na kifaa: printa, kadi ya sauti, Wi-Fi. Zamani ilikuja na kifaa ndani ya boksi, kwa flopi, baadaye kwa CD. Ukipoteza CD, pole. Windows 95 ilileta ahadi kwamba utachomeka kitu na mashine itakitambua yenyewe. Ahadi ilichelewa kutimia. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX kule Chicago, Bill Gates alisimama jukwaani huku mfanyakazi mwenzake akichomeka skana kuonyesha maajabu ya Windows 98. Skrini ikageuka buluu mbele ya ukumbi mzima! Vista nayo ilipotoka 2007, watu walilia na draiva vibaya sana.

Sasa ongeza hali yetu. Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na kebo ya intaneti ya chini ya bahari. Tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Fikiria fundi wa mtaani wakati huo, ameletewa kompyuta ya mitumba kutoka Uingereza, haina CD hata moja. Amefomati, Windows imeingia, lakini draiva ya mtandao haipo. Bila draiva hakuna mtandao, na bila mtandao draiva utaitoa wapi? DVD moja iliyojazwa draiva za kila aina ilikuwa dawa. Ningekuwa fundi huyo ningeitumia bila kufikiria mara mbili.

Halafu 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na Oktoba mwaka huo huo Windows 7 ikatoka, ikijitafutia draiva nyingi yenyewe. Shida ikapungua. Biashara haikupungua. Ikabidi itafute shida nyingine ya kuuza, na iliyo rahisi kuuza ni umri.

Hebu fungua Device Manager uangalie. Draiva nyingi zinazokuja na Windows zina tarehe 21 Juni 2006, hata kwenye Windows 10. Haimaanishi ziliandikwa 2006. Microsoft hubandika tarehe hiyo makusudi, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa chako, kama ipo, ionekane mpya zaidi na isiondolewe. Intel walienda mbali zaidi: faili zao za chipseti zimeandikwa 18 Julai 1968, siku kampuni ilipoanzishwa. 1968, watu wangu. Programu inayopima draiva kwa tarehe tu itaona mzee hapo na kuanza kupiga kengele, na wewe utoe kadi ulipe.

Na si kisa cha bei pekee. Draiva nyingi hukaa kwenye kiini cha Windows, mahali ambapo kosa dogo linaangusha mashine yote. Binamu yangu hufanya kazi ya kusikiliza rekodi za wateja wa nje na kuziandika. Mwaka jana alibonyeza kile kitufe jioni. Mashine ilipowaka tena, kimya. Kadi ya sauti ilikuwa imepewa draiva isiyo yake. Kazi ilitakiwa asubuhi. Tulifaulu kurudisha draiva ya kwanza saa tisa usiku, na alipomaliza kuandika mteja alikuwa ashampa mtu mwingine.

Kuna atakayesema hata njia rasmi huumiza. Kweli. Mwaka 2014 draiva ya kampuni ya FTDI ilipita kwa Windows Update na kuzima vifaa vyenye chipu bandia za kampuni hiyo, na wenye vifaa wengi hawakujua kama wana bandia. Hiyo ilikuwa roho mbaya, sitaitetea. Lakini angalau ilijulikana nani alifanya, kelele zikapigwa, na draiva ikaondolewa. Programu ya bure uliyoitoa kwa tangazo utaipigia nani kelele?

Kwa hivyo: kama kila kitu kinafanya kazi, usiguse. Kama kuna kitu hakifanyi, anza na Windows Update, kisha tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa modeli yako kamili. Na ukifomati ukakosa Wi-Fi, huhitaji DVD ya fundi wa 2008. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa tetheringi ya USB, na mara nyingi Windows itaichukua kama kadi ya mtandao hapo hapo.

Binamu yangu saa hii ana flashi yenye draiva ya sauti na ya Wi-Fi za laptopu yake. Ameifunga pamoja na funguo za nyumba.