Jiwe, Laini na Kitochi: Majina ya Vifaa Vidogo katika Pwani ya Mtwara

Makala haya yanahusu vitu vidogo vinavyokaa mfukoni, mkobani na juu ya meza: redio ya mkono, tochi, simu, chaja, kadi ya kumbukumbu, kipanya cha kompyuta na ndugu zao. Sisi tunaoshughulika na istilahi tuna desturi ya kuvitaja vitu hivi mwishoni kabisa, baada ya kumaliza maneno ya sheria, ya uhasibu na ya tiba, kana kwamba jina la chaja haliwezi kumdhuru mtu. Mwandishi wa makala haya alikuwa na fikra hizo hizo mpaka alipofika Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, akaonyeshwa betri ya simu iliyovimba mfano wa andazi. Kisa hicho tutakieleza mahali pake. Kwanza hatuna budi kurudi nyuma, maana jina lililomponza mwenye betri ile lina umri mkubwa kuliko simu yake.

Tuanze na simu yenyewe. Katika zama za utawala wa Wajerumani, waya wa telegrafu ulifuata pwani kutoka Dar es Salaam, ukapita Kilwa na Lindi hadi kufika Mikindani, na watu wakauita simu. Neno hili asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Kwa hiyo simu ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho, uzi wa madini uliopita juu ya nguzo. Baadaye ikaja mitambo ya kupeleka habari pasipo waya, na Waswahili, bila ya kuomba ruhusa kwa mtu, wakasema simu ya upepo. Ukilipima jina hilo kwa mizani ya asili ya maneno, ni waya usio waya. Hakuna aliyelalamika. Leo tunasema simu ya mkononi, na kile kijikadi kinachotiwa ndani yake tunakiita laini, neno tulilolipata kwa Waingereza, ambalo katika mambo ya simu nalo lilihusu waya. Mtu aliyesajili laini yake kwa alama za vidole, kama ilivyolazimu nchini kote kabla ya muda kwisha Januari 2020, alisajili waya ambao haupo. Twayataja haya si kwa kuyacheka. Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba istilahi mpya sharti ieleze umbo la kitu kwa usahihi, na historia ya simu haiwaungi mkono.

Redio ya transista ilienea vijijini katika miaka ya 1960. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri zake humu humu nchini, na jina la National likawa maarufu mpaka kando ya Ruvuma. Kwa watu wa Mtwara redio haikuwa kitu cha anasa. Tangu mwaka 1964 hadi 1974 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipiganwa ng'ambo ya mto, na matangazo ya FRELIMO yalirushwa kutoka Dar es Salaam. Ndugu wa huku na wa kule waliyasikiliza kwa pamoja. Halafu zikaja kampeni za elimu ya watu wazima, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, ambapo vikundi vilikaa kuzunguka redio moja, mwenye kitabu akasoma na wengine wakajadiliana. Redio ile haikutamka neno ikiwa mawe yake yamekwisha.

Mawe, ndiyo. Katika usemi wa wengi wa zama hizo, kitu kile cha mviringo kilichotiwa ndani ya redio au kurunzi kiliitwa jiwe. Kina uzito wa jiwe na ubaridi wa jiwe, na aliyekishika mkononi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Neno betri nalo lilikuwapo, lakini lilikuwa na kazi nyingine: betri ilikuwa ya gari au ya trekta, sanduku zito lenye maji makali ndani yake. Jiwe lilikuja na mafunzo yake. Likichoka halikutupwa, lilianikwa juani juu ya bati, likajirudishia nguvu kidogo za kutosha taarifa ya habari ya jioni. Hii haikuwa imani ya bure. Jiwe la zinki na kaboni likipata joto huamka kwa muda. Kila mtoto wa miaka hiyo aliwahi kutumwa juu ya paa kuanika mawe.

Wakati jiwe likijijengea makao katika lugha, kompyuta ilifungiwa mlango. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, na baada ya hasara na usumbufu mwingi, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nayo ilizuiwa Tanzania Bara, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Hapa si mahali pa kuhukumu sera ile; ilikuwa na sababu zake za fedha za kigeni. Lakini kwa mtu wa istilahi ni mwaka wa kukumbukwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, lilikuwa wakati huo katika ujana wake, likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu na kujibu maswali ya idara na viwanda. Kama vifaa vile vingekuwa vikiingia kimoja kimoja, majina yangaliulizwa kimoja kimoja. Havikuingia, wala hayakuulizwa. Mlango ulipofunguliwa katika miaka ya 1990, bidhaa ziliingia zote kwa mpigo, na majina yamo ndani ya sanduku pamoja na nyaya: kompyuta, printa, diski, kibodi. Wenzetu wa Kenya wakaifundisha shuleni tarakilishi, neno lililozaliwa na tarakimu, nasi tukabaki na kompyuta yetu. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulifanya kazi ya kusifiwa ya kuipa programu nzima ya ofisi sura ya Kiswahili. Hata hivyo ulifika kwa watu ambao vidole vyao vilikwisha kuzoea kubonyeza maneno ya Kiingereza.

Kusini mambo yalichelewa zaidi, na kuchelewa huko kulikuwa na faida ambayo haikutarajiwa. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Mtwara alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na katika masika alikaa njiani siku asizoweza kuzihesabu mapema. Mwaka huo huo wa daraja, kampuni ya Nokia ilitoa simu ndogo ya namba 1100, iliyouzwa duniani zaidi ya milioni 250, yenye taa ndogo kichwani. Mnunuzi wa Tandahimba au Nanyamba, katika nyumba isiyo na umeme, hakununua simu yenye tochi. Alinunua tochi yenye simu. Ndipo kitochi kilipozaliwa. Sisi katika orodha zetu tuna simu ya kawaida na simu janja. Muuzaji wa sokoni ana kitochi na simu ya kupangusa. Tazama ubora wa maneno yake: la kwanza lataja anachokitafuta mnunuzi, la pili lataja kile mkono unachokifanya. Simu ya kawaida haitaji chochote; kawaida ya mwaka gani?

Anayetaka kujua watu wanachagua vipi kifaa na akae dukani mjini Mtwara baada ya minada ya korosho ya Oktoba na Novemba. Maswali ni machache na hayabadiliki. Inakaa na chaji siku ngapi? Inachukua laini mbili? Ina redio, na je, redio inasema bila ya waya wa masikioni? Swali hili la mwisho lina elimu ndani yake. Katika simu nyingi waya ule ndio eriali ya redio, na asiyeuchomeka hasikii kitu. Katika tafsiri rasmi tumezoea kuandika vipokea sauti vya masikioni, maneno manne, na yote manne hayamwambii mnunuzi jambo hilo. Muuzaji mmoja tuliyemsikiliza alisema kwa ufupi, waya wa redio, akakata mzizi wa fitina.

Tukumbuke vilevile mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu zisizo halali. Kila mwenye simu alitakiwa kubonyeza *#06# na kupata namba yake ya tarakimu 15. Tangazo lilisema simu bandia. Neno ni zuri, lakini mtoto wa bandia ni mwanasesere, na mzee aliyesikia simu bandia angeweza kudhani ni ile ya kuchezea watoto, ilhali yake yasema na kusikia. Redio zililirudia tangazo miezi kadhaa, ndipo likaeleweka.

Sasa turudi Msimbati. Miaka michache iliyopita shirika moja lililokuwa likisambaza taa za sola zenye kuchaji simu lilitutaka tufasiri karatasi ya maelekezo ya kurasa mbili. Kazi ilifanywa na mwandishi wa makala haya kwa nusu siku, na miongoni mwa maonyo aliandika: Usiweke betri kwenye joto kali. Sentensi haina kosa la sarufi, na kila neno lake limo katika kamusi. Mzee mmoja mvuvi alisomewa karatasi ile na mjukuu wake, akaisikiliza yote. Siku simu yake ilipoanza kuishiwa nguvu upesi, alitoa kilichomo ndani, akakianika juu ya bati saa sita mchana, kama alivyofanya tangu ujana wake. Betri ya lithiamu si jiwe la zinki. Joto huizalishia gesi ndani, ikavimba, na yaweza kushika moto. Ile ilivimba tu, paa la makuti la jirani likanusurika.

Nilipomwamkia na kumwuliza kama hakusomewa onyo, alinitazama kwa upole. “Nilisomewa, mwanangu. Lakini mimi sina betri. Betri ni ya gari. Hili ni jiwe la simu.”

Katika chapa ya pili tuliandika: Jiwe la simu, yaani betri, lisianikwe juani kamwe. Mwenzetu mmoja ofisini alipinga, akisema jiwe ni usemi wa mitaani na kwamba kijana wa Mtwara mjini leo husema betri. Kuhusu kijana anasema kweli. Neno jiwe linakufa pamoja na redio za mawe, na baada ya miaka kumi hivi huenda onyo lile likahitaji neno moja tu. Lakini karatasi husomwa na walio hai, na waliozoea kuanika ni wale wale wanaosema jiwe. Kutumia betri peke yake kulikuwa ni kumwonya asiye na haja ya kuonywa. Aidha, kitenzi kilikuwa na makosa zaidi kuliko nomino. Hakuna mtu wa Msimbati anayeweka kitu kwenye joto kali. Huanika.

Isidhaniwe kwamba twadai Baraza liketi na kungoja soko. Ushahidi wa kinyume upo. Tarehe 23 Agosti 2022, siku ya Sensa, makarani zaidi ya 200,000 waliingia majumbani wakiwa na vishikwambi mikononi, na baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Neno hilo wengi hawakuwahi kulisikia kabla ya mwaka ule. Lilikubalika kwa kuwa lilifika siku moja na kifaa, na aliyekipokea alitia saini mbele ya jina lake. Kompyuta mpakato haikupata bahati hiyo. Imo katika barua za ofisi, lakini dukani haikuingia. Na nywila, neno ambalo mwandishi analipenda, ilikuta kiti kimekaliwa, maana tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza mwaka 2008 umma ulikwisha kufundishwa namba ya siri, na fundisho lenye fedha ndani yake halisahauliki.

Kabla ya kuondoka tulishuka hadi Kilambo, penye kivuko cha Ruvuma. Ng'ambo ni wilaya ya Palma, na Kionga, iliyokuwa chini ya Wajerumani mpaka Wareno walipoichukua mwaka 1916. Tangu hapo watu wa ukoo mmoja wanaandika kwa lugha mbili za kigeni, na vifaa wanavinunua popote penye nafuu. Mtu mmoja alishuka mtumbwini, akaingia katika kibanda cha vifaa vya simu, akaomba carregador, kama waitavyo Wareno. Muuzaji hakuuliza maana yake. Alinyosha mkono kwenye nyaya zilizoning'inia, akauliza, “Ya kitochi au ya kupangusa?”

“Ya kitochi,” akajibu yule mgeni, akatoa metikali.