Kusoma Moshi wa Bluu
Masharti ya biashara yalipolegezwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalimiminika Dar es Salaam na Nairobi miaka ya 1990, na gereji za jua kali zikapokea injini zilizochoka, zenye kunywa oili. Husemwa kwamba mafundi wake walibahatisha tu. Sikubali. Moshi wa bluu injini inapowashwa asubuhi uliwaelekeza kwenye sili za valvu. Ukitoka gari likipanda mlima, kwenye ringi za pistoni. Mwenye shaka alitia oili kidogo ndani ya silinda: kompresheni ikipanda, basi ringi zimelika. Ni kweli, moshi huweza kudanganya, na oili nyingine huvuja tu. Ndiyo maana fundi makini alianza kwa kuchungulia uvungu wa gari.