Kuutambua Utapiamlo kwa Wazee Wanaotunzwa

Utapiamlo ni hali ya mwili kukosa nguvu, protini au virutubishi vingine unavyovihitaji. Katika makazi ya wazee hujificha kwa urahisi, kwa kuwa chakula hupikwa kila siku na kila mmoja huletewa sahani yake. Lakini sahani iliyofika si lazima iwe imeliwa. Meno yaliyong'oka, vidonda vya kinywa, dawa zinazoondoa hamu ya kula, usahaulifu na majonzi ya kufiwa hupunguza mlo kidogo kidogo. Mzee akikonda, wengi husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo huchelewesha msaada. Kukonda bila kukusudia ni dalili inayopaswa kuchunguzwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hapa Moshi, Serikali ina Makazi ya Wazee Njoro. Wazee wengine hutunzwa vihambani na jamaa zao. Kote huko uchunguzi waweza kufanyika.

Namna ya kuchunguza

Kipimo kinachotumika sana duniani huitwa MNA. Toleo lake fupi lina mambo sita: je, katika miezi 3 iliyopita mzee amepunguza kula? Amepungua uzito? Anaweza kutoka kitandani na nje ya nyumba? Amepata ugonjwa mkali au msongo wa mawazo? Ana sonona au amepungukiwa kumbukumbu? Mwisho hulinganishwa uzito wake na urefu. Asiyeweza kusimama hupimwa mzingo wa shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani; ukiwa chini ya sentimita 31 ni dalili mbaya. Miguu iliyovimba hudanganya kipimo.

Jumla ni alama 14. Alama 12 hadi 14 ni hali njema. 8 hadi 11 ni hatari ya utapiamlo. 7 au pungufu ni utapiamlo. Mwenye alama za chini apelekwe kituo cha afya, na uzito wake uandikwe kila mwezi.

Baada ya kupima

Mtori humfaa asiye na meno, mradi nyama ipondwe pamoja na ndizi, isiachwe chunguni kwa kuwa ni ngumu. Maziwa, mayai, parachichi na maharage yaliyopondwa huongeza nguvu. Milo midogo ya mara kwa mara hulika kuliko sahani moja iliyojaa. Anayepaliwa kila anapokula aonwe na daktari kwanza.

Wapo wazee wanaofunga Kwaresima kwa uchaji huku miili ikidhoofika. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa huwafunga watu wazima kwa mfungo hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60 tu. Aidha, Kanuni ya 919 humruhusu mzee au mgonjwa kupokea Ekaristi hata akiwa amekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Waelezwe hayo kwa upole, wale kwa amani.

Wanajumuiya wanaowatembelea wazee hupeleka sukari, sabuni na unga. Ni vema. Waongeze jambo moja: wamwulize mlezi ni kiasi gani cha chakula cha jana kilibaki sahanini, na kwa nini. Bwana aliyejitambulisha na wenye njaa yumo pia katika njaa isiyosemwa.